Mwizi Anayechekesha: Uigizaji wa Kifutuhi katika Filamu za Uhalifu na Funzo Lake kwa Jukwaa la Meru na Embu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna waigizaji wanavyozua kicheko katika filamu zinazosimulia wizi na ulaghai. Filamu mbili za Kenya zilizotolewa mwaka 2012, The Captain of Nakara na Nairobi Half Life, ndizo zinazotumiwa kama mifano mikuu. Makala yanadai kwamba kicheko cha filamu ya aina hii hutokana na uzito wa mhusika katika kulitenda tendo lake, wala si mzaha wa mwigizaji. Yanadai pia kwamba mazoea ya kutegemea lafudhi za makabila, ikiwemo lafudhi ya Wameru na Waembu, hudhoofisha uigizaji pale lafudhi inapochukuliwa bila kanuni zake. Mwishoni yanapendekeza mazoezi yanayoweza kufanywa na vikundi vya maigizo katika vyuo vya eneo letu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoea kuipanga tamthilia katika makundi: tanzia, futuhi, tanzia-ramsa na kadhalika. Anapoletewa filamu ambamo watu wanaiba, wanakamatwa na pengine wanauawa, na hata hivyo watazamaji wanacheka, huona kwamba makundi hayo hayamtoshi. Je, kicheko hicho ni dalili ya ugumu wa moyo? Au kuna kitu ambacho mwigizaji amekifanya hata mtazamaji akamwona mwizi kuwa binadamu mwenzake kabla ya kumhukumu?

Swali hili lina uzito katika nchi ambamo mshukiwa wa wizi anaweza kuuawa na umati barabarani kabla hajafikishwa mbele ya hakimu. Wanaomuua mara nyingi hawamjui jina. Mwigizaji anayemchukua mtu wa namna hiyo na kumpa jina, tamaa, woga na ucheshi, anafanya kazi ambayo mahubiri hayaiwezi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo uigizaji wa kifutuhi katika filamu za uhalifu unastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na tunaoupa uigizaji wa tanzia.

Katika makala haya, filamu ya hila za wezi ina maana ya filamu ambayo msuko wake umejengwa juu ya njama ya kuiba au kulaghai, na ambayo mtazamaji anaifahamu njama hiyo tangu inapopangwa. Sifa hii ya pili ndiyo inayozaa kinaya cha kidrama. Sisi tunajua, na anayelaghaiwa hajui.

2.0 Ayari kutoka Ngano hadi Filamu

Mwizi anayechekesha hakuletwa Afrika Mashariki na kamera. Fasihi simulizi inamjua kwa jina la ayari. Katika ngano, sungura humlaghai fisi, humwibia simba na kuwatoroka wote wawili. Katika hekaya za Waswahili, Abunuwasi huwazidi akili wafalme na matajiri kwa kuyashika maneno yao yenyewe. Mtoto wa Meru au Embu aliyesimuliwa ngano na nyanya yake jikoni amekwisha kufunzwa kanuni ya kwanza ya futuhi ya uhalifu: mdogo akimhadaa mkubwa, hadhira hucheka, mkubwa akimhadaa mdogo, hadhira hukasirika.

Ipo tofauti moja, hata hivyo. Sungura haumii. Akikatwa mkia leo, kesho ana mkia katika ngano nyingine. Mwizi wa filamu ana mwili wa mtu, na mwili huo unaweza kupigwa risasi. Kwa hiyo mwigizaji wa filamu anabeba mizigo miwili kwa pamoja, yaani wepesi wa ayari na udhaifu wa binadamu. Akiubeba wa kwanza pekee, filamu inakuwa katuni. Akiubeba wa pili pekee, inakuwa tanzia. Ugumu wa kazi yake uko katika kuibeba yote miwili bila kuuangusha mmoja.

3.0 Maleba kama Silaha: The Captain of Nakara

Filamu hii, iliyoongozwa na Bob Nyanja, ina asili ya kihistoria iliyo mbali na Kenya. Tarehe 16 Oktoba 1906, fundi viatu wa Ujerumani aitwaye Wilhelm Voigt, ambaye alikuwa amekaa gerezani miaka mingi, alivaa sare ya nahodha wa jeshi aliyoikusanya kutoka kwa wauzaji wa mitumba. Aliwasimamisha askari njiani, akawaamuru wamfuate hadi ukumbi wa mji wa Köpenick karibu na Berlin, akamkamata meya, akachukua marka zaidi ya 3,500 za hazina na kuacha stakabadhi yenye sahihi ya uongo. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne, lakini akasamehewa na Kaizari mwaka 1908. Mwandishi Carl Zuckmayer alilitungia tukio hilo tamthilia iliyoigizwa kwanza mwaka 1931.

Nyanja analihamisha tukio hilo hadi nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Nakara. Mhusika mkuu, Muntu, ni mwizi mdogo mdogo aliyetoka gerezani. Anampenda Muna, binti wa mchungaji, naye anajidai mbele yake kuwa mfanyabiashara aliyefanikiwa. Ili uongo huo upate kuwa kweli anahitaji kibali cha biashara, na kibali hakipatikani katika ofisi zilizooza kwa rushwa. Sare ya nahodha inapomwangukia mikononi, milango iliyokuwa imefungwa inafunguka yenyewe.

Tuangalie kinachotendeka hapa kwa upande wa uigizaji. Maleba katika tamthilia nyingi hutambulisha mhusika: mavazi ya mfalme hutuambia kwamba huyu ni mfalme. Katika futuhi hii maleba yanasema uongo, nasi tunaujua uongo huo. Mwigizaji wa Muntu anaigiza mtu anayeigiza. Inambidi aonyeshe mambo mawili kwa mwili mmoja: kwa wahusika wenzake, mgongo ulionyooka na amri fupi, kwetu sisi, mtu wa sokoni aliyejificha ndani ya kitambaa kigumu, ambaye magoti yake yangali yanakumbuka kukimbia.

Kosa linalomnyemelea mwigizaji wa nafasi kama hii ni kutukonyeza, yaani kuonyesha kwa uso kwamba yeye naye anajua kuwa mambo ni ya kuchekesha. Akifanya hivyo hatari inakwisha, na kicheko kinakwisha nayo. Voigt mwenyewe hakuwa akichekesha siku ile mjini Köpenick. Alikuwa mtu mwenye hofu ya kurudi gerezani, na Wajerumani walicheka baadaye kwa sababu yeye hakucheka. Katika risala yake juu ya kicheko iliyotolewa mwaka 1900, mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alieleza kwamba tunacheka pale ambapo utendaji wa kimashine unaukalia uhai. Askari wanaoitii sare bila kumtazama aliyeivaa ni mfano mwafaka wa maelezo hayo. Kwa hiyo kicheko cha Köpenick na cha Nakara hakimwangukii mwizi. Kinaiangukia dola iliyowafunza watu wake kuheshimu vifungo vya koti kuliko haki.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka tamthilia ya Gogol iliyotafsiriwa na Christon Mwakasaka kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambamo kijana asiye na kitu anadhaniwa kuwa mkaguzi. Tofauti ni kwamba kijana wa Gogol anapewa cheo na woga wa wengine kabla hajakidai, hali Muntu anakitwaa mwenyewe. Mwigizaji wa yule wa kwanza anaanza kwa mshangao; mwigizaji wa huyu wa pili anaanza kwa uamuzi. Mwanafunzi anayeandaa nafasi ya mlaghai na ajiulize kwanza: mhusika wangu aliuanzisha uongo, au uongo ulimkuta?

4.0 Mwigizaji ndani ya Mwigizaji: Nairobi Half Life

Filamu ya pili iliongozwa na David "Tosh" Gitonga. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012, ambako Joseph Wairimu alituzwa kuwa mwigizaji bora, na ndiyo filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Wairimu anaigiza Mwas, kijana wa mashambani anayeuza santuri za filamu za kigeni na kuwavuta wateja kwa kuziigiza hadharani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji Nairobi. Anapofika jijini anaporwa, anakamatwa na kutiwa korokoroni. Humo anakutana na Oti, nafasi iliyochezwa na Olwenya Maina, na kwa njia hiyo anaingia katika genge linaloiba vipuri vya magari. Wakati huo huo anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza, na nafasi yenyewe ni ya mwizi.

Sehemu za mwanzo zinachekesha sana, na kicheko hicho kina kazi katika msuko. Mwas anapowaigiza mashujaa wa filamu za kigeni mbele ya wanakijiji, Wairimu anatuonyesha kijana mwenye kipawa kikubwa na kiwanja kidogo. Tunamcheka kwa upendo. Tunapomwona baadaye korokoroni akilazimishwa kusafisha choo kilichofurika, kicheko kinakwama kooni, kwani ni kijana yule yule, na mwili ule ule uliotufurahisha sasa unadhalilishwa. Futuhi ya mwanzo ilikuwa mkopo, na filamu inaanza kuudai.

Jambo la pili ni jinsi Wairimu anavyozitenganisha hadhira za mhusika wake. Kuna Mwas wa kijijini, Mwas wa genge na Mwas wa jukwaani. Mbele ya genge anaigiza ujasiri asiokuwa nao. Mbele ya waigizaji wenzake wa jijini anaigiza ustaarabu asiouzoea. Anapopewa nafasi ya mwizi jukwaani, hatujui tena kama anaigiza au anaungama. Hapo ndipo kinaya cha kidrama kinapofikia kilele. Hadhira iliyo ukumbini ndani ya filamu inamwona mwigizaji hodari. Sisi tunamwona mtu ambaye ametoka kushuhudia rafiki zake wakiuawa. Mazungumzo yake ya mwisho jukwaani yanawaelekea watazamaji wote wawili, wa ndani na wa nje, na yanawauliza kama wanachagua kuona au kutoona.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mwisho huo usingekuwa na nguvu kama Wairimu angeigiza Mwas kwa huzuni tangu mwanzo. Tulicheka naye kwanza, na kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kumkubali kama mmoja wetu. Aliyemcheka mtu kwa upendo hawezi kusema baadaye kwamba hakumjua.

5.0 Lafudhi: Sifa ya Mhusika au Fimbo ya Kumpigia?

Tukirudi kwenye vichekesho vya runinga ya Kenya, tunakuta desturi nyingine. Vioja Mahakamani, kilichoanza katika enzi ya Sauti ya Kenya na kuendelea katika KBC, ni mchezo wa uhalifu kwa maana halisi ya neno: mshtakiwa yuko kizimbani, kiongozi wa mashtaka anasoma kosa, na hakimu anasikiliza. Wahusika wake mashuhuri, kama Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti na Makokha, wanabeba kabila katika jina na katika ulimi. Sehemu kubwa ya kicheko inatokana na Kiswahili chao. Desturi hiyo imewaathiri wachekeshaji wa jukwaani waliofuata, na humo Mmeru amepewa mara nyingi umbo moja tu, yaani mtu mwenye hasira za haraka, panga karibu na shavu lililojaa miraa.

Hatuna haja ya kuikataa lafudhi jukwaani. Watu huzungumza kwa lafudhi, na mwigizaji anayezifuta zote anatuletea wahusika wasio na kwao. Tunachopaswa kuuliza ni kama lafudhi hiyo imechunguzwa. Mfano mwema ni marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, ambaye katika Vitimbi alimwigiza Mzee Ojwang'. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi aliigiza mzee wa Kijaluo kwa uthabiti uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba huko ndiko kwao. Lafudhi yake haikuwa ikija na kuondoka, na haikuwa kitu pekee alichokuwa nacho. Ojwang' alikuwa na mwendo, kiburi, ubahili na woga wake wa mkewe Mama Kayai.

Tulinganishe na namna lafudhi ya Embu na Meru inavyoigizwa mara nyingi. Mchekeshaji hubadilisha kila k kuwa g, akidhani amemaliza kazi. Wanaisimu wanaijua kanuni inayohusika hapa kuwa Kanuni ya Dahl. Katika Kikuyu, Kiembu na sehemu kubwa ya Kimeru, k ya kiambishi hugeuka kuwa g inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna kama t au k. Mzungumzaji aliyeathiriwa na kanuni hiyo anaweza kusema gitabu badala ya kitabu, au gutoka badala ya kutoka. Hasemi guja wala gulima, kwa sababu j na l ni ghuna na k haina sababu ya kugeuka. Mchekeshaji anayesema gulima hajamwigiza mtu yeyote wa Embu. Ameigiza dhana yake mwenyewe juu ya watu wa Embu, na mzaliwa wa huko huisikia tofauti hiyo mara moja hata kama hajawahi kusikia jina la Dahl.

Jambo hili si dogo. Mwandishi wa makala haya, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimeru, amewahi kushiriki mazoezi ya maigizo ambamo wanafunzi waliotoka Tigania na Mbeere walikubali kushona maleba na kupanga viti, lakini wakakataa nafasi za kuzungumza. Waliogopa kwamba wakifungua kinywa wangechekwa kabla mhusika hajatenda lolote. Mwanafunzi anapofikia hapo, vichekesho vimemnyang'anya Kiswahili. Inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba Kithaka wa Mberia, mwandishi wa Natala na Kifo Kisimani, anatoka Tharaka, na kwamba jukwaa la Kiswahili halijawahi kuwa mali ya pwani pekee.

6.0 Meru kwenye Skrini: Veve na Vibanda vya Video

Mwaka 2014 Simon Mukali aliongoza Veve, filamu ya uhalifu ambayo mandhari yake ni Maua, katikati ya nchi ya miraa. Veve ni jina la mtaani la miraa. Lowry Odhiambo anamwigiza Amos, mwanasiasa mwenye tamaa ya mali na madaraka. Emo Rugene ni Kenzo, kijana anayetaka kulipiza kisasi. Na Lizz Njagah ni Esther, mke wa Amos. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Uingereza ilipiga marufuku miraa, na wakulima wa Igembe na Tigania wakapoteza soko. Kwa hiyo filamu ilifika wakati biashara yenyewe ilikuwa matatani.

Veve inawachukulia wahusika wake kwa uzito, na hilo ni jambo la kushukuru baada ya miaka ya Mmeru wa panga na shavu. Hata hivyo, ni filamu isiyo na kicheko kingi, nasi tunaweza kuuliza ni nini kingetokea kama angaliandikwa ndani yake dalali mmoja mjanja, mtu wa kuhesabu vibunda vya miraa alfajiri na kumzidi akili tajiri kwa kibunda kimoja kila siku. Mtu huyo yumo katika kila soko la miraa. Ni ayari wa ngano aliyevaa koti, na bado anasubiri mwigizaji.

Kwa upande mwingine, kicheko juu ya filamu za uhalifu kimekuwapo Meru na Embu kwa muda mrefu, katika vibanda vya video na ndani ya matatu, kupitia sauti ya DJ Afro. Msimulizi huyu huzichukua filamu za kigeni za mapigano na ujambazi na kuzisimulia upya kwa Kiswahili chenye mchanganyiko wa Sheng, akiwapa wahusika majina na nia ambazo mwandishi wa filamu hakuziwaza. Mtaalamu wa fasihi simulizi atamtambua mara moja: ni fanani aliyepata picha za kusimulia. Mwas wa Nairobi Half Life ni ndugu yake katika sanaa. Inafaa tumchunguze DJ Afro kama tunavyowachunguza watambaji wa ngano, kwa kuwa watazamaji wengi wa vijijini wameipata filamu ya uhalifu kwa Kiswahili chake kabla ya kuipata kwa lugha yake ya asili.

7.0 Mapendekezo kwa Vikundi vya Maigizo

Kutokana na uchunguzi huu, tunapendekeza mazoezi matatu kwa vikundi vya Kiswahili katika vyuo vya Meru, Chuka na Embu.

Kwanza, zoezi la sare. Mwanafunzi mmoja avae koti la mlinzi au joho la hakimu, kisha aingie katika darasa la wenzake na kutoa amri tatu bila kutabasamu. Wenzake waandike ni lini walianza kucheka na kwa nini. Kwa kawaida watagundua kwamba walicheka pale alipokuwa makini zaidi.

Pili, zoezi la lafudhi bila mzaha. Mwigizaji atafiti lafudhi moja kwa kuwasikiliza wazungumzaji, aandike kanuni zake, kisha aigize tukio la huzuni kwa lafudhi hiyo. Kama hadhira itahuzunika, lafudhi imekuwa sehemu ya mtu. Kama itacheka, bado ni vazi la kuazima. Baada ya hapo ndipo aruhusiwe kuigiza futuhi.

Tatu, zoezi la mkopo wa kicheko. Kikundi kitunge onyesho fupi la mwizi wa kuku ambalo nusu yake ya kwanza inachekesha, na nusu ya pili inaishia mbele ya umati wenye hasira. Mwigizaji asibadilishe tabia ya mhusika katikati. Abadilike ulimwengu unaomzunguka, yeye abaki yule yule. Majadiliano baada ya onyesho hilo yahusu jambo moja: ni nani katika hadhira aliyetaka mwizi yule aokolewe, na ni katika tukio lipi alipoanza kutaka hivyo.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mwizi anayechekesha ni kizazi cha ayari wa ngano, lakini amepewa mwili unaoweza kuumia. Katika The Captain of Nakara anachekesha kwa sababu anauchukulia uongo wake kwa uzito. Katika Nairobi Half Life anachekesha ili tumjue, na tunapomjua hatuwezi tena kumtazama akiangamia bila kuulizwa jambo. Tumeona pia kwamba lafudhi ina sarufi yake, na mwigizaji asiyeiheshimu sarufi hiyo huwafungia wengine mlango wa jukwaa.

Meru na Embu zina lugha, masoko, watambaji na vyuo. Kinachohitajika ni waandishi wa miswada watakaomweka mtu wa Maua au wa Siakago katikati ya njama, wampe Kiswahili chake kama anavyokizungumza, na wamwache afikiri haraka kuliko wanaomfukuza. Wanafunzi wa chama hiki wanaweza kuianza kazi hiyo muhula huu, kwa onyesho la dakika 20 na koti moja la kuazima.

Maswali ya Kujadili

1. Linganisha mlaghai anayeuanzisha uongo na yule ambaye uongo unamkuta. Ni nani kati yao anayemhitaji mwigizaji mwenye mwili mwepesi zaidi, na kwa nini?

2. Jadili dai kwamba kicheko cha Nairobi Half Life ni mkopo unaolipwa mwishoni.

3. Chagua mchekeshaji mmoja wa runinga anayetumia lafudhi ya lugha unayoifahamu. Onyesha ni wapi anafuata kanuni za lafudhi hiyo na ni wapi anazivunja.